Je, wajua kwa nini kiwanda cha sukari cha Kakira, Uganda, kilidhoofika baada ya wamiliki wake kufukuzwa?

Idi Amin alimpindua Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Agosti 1972 akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Miongoni mwao walikuwa akina Madhvani, ambao kiwanda chao cha Kakira, karibu na Jinja, kilikuwa kikitoa sukari tangu 1930. Manubhai Madhvani alitiwa ndani kwanza, katika gereza la jeshi la Makindye, ndipo akaondoka nchini.

Mashamba, mitambo na wafanyakazi vilibaki. Sasa kilichoharibika ni nini?

Muwa ukishakatwa hauna subira. Ukilala shambani zaidi ya siku moja au mbili, sukari iliyomo huanza kuharibika, na kiwandani hutoka molasi nyingi, yaani maji mazito meusi ya sukari isiyoganda, na chembe chache za sukari. Kwa hiyo ukataji, matrekta na kinu lazima viende sambamba, kwa saa ile ile. Trekta zikikosa tairi, kinu hukosa miwa. Kinu kikisimama, makapi hayatoki, na makapi hayo ndiyo kuni za boila. Boila ikipoa, hakuna mvuke wa kuzungusha kinu. Tena meno ya roli za kukamulia huisha kila msimu. Yasipochongwa upya, utamu hubaki kwenye makapi na kuungua nayo. Vipuri vilitoka ng'ambo, navyo hulipiwa fedha za kigeni, zilizokuwa zimeadimika.

Shambani hasara ilijificha zaidi. Shina huchipua tena baada ya kukatwa, lakini mavuno hupungua kila mkato, na baada ya mikato michache hung'olewa na kupandwa upya. Asiyepanda upya huendelea kuvuna kwa muda, akidhani mambo ni shwari.

Madukani mambo yalikwenda haraka zaidi: waliogawiwa maduka ya Wahindi, wengi wao wanajeshi, waliuza bidhaa zilizokuwemo bila kuagiza nyingine. Waganda waliwaita matajiri hao wapya "mafuta mingi". Sukari ikawa ya magendo.

Mwaka 1985 familia ilirudi Kakira kwa ubia na serikali, na mwaka 2000 ikamiliki tena kiwanda chote. Ila shamba la miwa halifufuliwi kwa hati. Hupandwa vipande vya muwa vyenye macho mawili matatu ya kuchipua, halafu husubiriwa mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya panga la kwanza.