Chanjo ya dengi: nani keshaumwa?

"Mwanangu, na hiyo sindano ya dengi tutaletewa lini?" Aliyeniuliza ni bibi mmoja wa Jang'ombe, hapa Unguja, nami nimeinamia pipa lake la maji, tochi mkononi. Viluwiluwi wa mbu walikuwa wakijinyonganyonga juu. Mwanga ulipowagusa wote wakazama. Nyumba ile ina chandarua kila kitanda. Lakini mbu wa dengi, Aedes, yule mwenye miraba myeupe miguuni, huuma mchana, bibi akiwa barazani anachagua mchele.

Jibu langu halikumpendeza: kabla ya sindano ya chanjo, nataka sindano ya kutoa damu, tupime nani keshaambukizwa.

Virusi vya dengi ni vya aina nne. Ukiugua aina moja, hiyo haikurudii. Ila kinga uliyoipata, ukija kupatwa na aina nyengine, huweza kukifungulia kirusi mlango badala ya kukizuia. Ndiyo maana maambukizi ya pili huogopwa zaidi: mishipa huvuja, damu hutoka, presha huanguka. Na mwili ambao haujawahi kukutana na dengi unaweza kuihesabu chanjo kuwa ndiyo mara ya kwanza.

Ufilipino yaliwakuta. Mwaka 2016 walianza kuwachanja watoto wa skuli kwa Dengvaxia, chanjo ya dengi ya wakati huo, wakafika zaidi ya laki nane. Novemba 2017 watengenezaji wenyewe, Sanofi, wakatangaza kwamba mtoto ambaye hakuwahi kuambukizwa anaweza kuongezewa hatari ya kuugua vibaya. Waliokwisha kuambukizwa iliwakinga. Lakini nani angesubiri kuelezwa tofauti hiyo? Mpango ulisimamishwa, wazazi wakaanza kuzikwepa hata chanjo nyengine, na 2019 surua ikalipuka. Kila nikisikia "tuchanje tu, hasara iko wapi", huikumbuka surua ile.

Chanjo ya sasa, Qdenga, ni bora zaidi. Hutolewa dozi mbili zilizopishana miezi mitatu. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 20,000 wa miaka 4 hadi 16, katika nchi nane za Asia na Amerika ya Kilatini. Hadi miaka minne na nusu baadaye, ilikuwa imepunguza kuugua kwa asilimia 61 na kulazwa kwa asilimia 84. Yaani mtoto aliyechanjwa anaweza akapata homa bado, ila aghalabu ataugulia kwao, si wodini. Mimi hiyo 84 ndiyo ninayoitazama. Kasoro iko hapa: kwa watoto ambao hawakuwahi kuambukizwa, haikuonesha kuwakinga na aina ya tatu. Na aina ya tatu ilishapatikana Dar es Salaam mwaka 2010, safari ya boti ya saa mbili hivi kutoka bandarini kwetu Malindi, Unguja.

Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watoto wa miaka 6 hadi 16, pale tu ambapo maambukizi ni makubwa. Kipimo chake kimoja ni kwamba wakifika miaka 9, zaidi ya asilimia 60 ya watoto wawe wameshaambukizwa. Sisi je? Mwaka 2011 walipimwa wachangiaji damu 500 wa Zanzibar, na asilimia 50.6 wakakutwa na kinga ya dengi, zaidi wakaazi wa mjini na wenye umri mkubwa. Hao ni watu wazima, na ni nusu. Kwa hesabu hiyo, kuchanja Unguja na Pemba nzima kwa mkupuo mimi sikubali.

(Si ugonjwa mgeni, lakini. Daktari James Christie aliandika juu ya kidingapopo, ndivyo ilivyoitwa homa hii, iliyozuka hapa mwaka 1870, na wazee wakamwambia waliiona 1823. Wapo wanaosema jina "dengue" lilitoka kwetu. Wapo wanaosema ile ilikuwa chikungunya, homa nyengine ya mbu.)

Ningeanza na watoto wa miaka tisa, skuli chache za Mjini na chache za Micheweni kule Pemba, matone machache ya damu ya kidole. Mjini pakivuka 60, nami nitakuwa wa mwanzo kudai chanjo.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. "Haya, damu mtatutoa. Na pipa hili?" Maji ya kutosha siku mbili hayamwagwi, kwa hivyo tuliyachuja kwa kipande cha kanga tukayatia ndooni. Kisha tukalisugua pipa kuta zake kwa brashi, maana mayai ya mbu huyu huganda pembeni na hustahimili ukavu kwa miezi.