Tenga la nyanya na gari la mwenye duka

Saa 11 alfajiri mitaa ya soko la Kariakoo ni ya kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, na guta za magurudumu matatu. Kirikuu inarudi kinyumenyume hadi karibu na mlango, makuli wawili wanapanda nyuma, matenga ya nyanya yanashuka kichwani, na dereva hata injini hazimi. Dakika 15, au 20 kukiwa na ubishi wa hesabu, ameshaondoka. Njoo mtaa huohuo saa 4 asubuhi. Kirikuu imesimama katikati ya njia ikiwaka taa za tahadhari, nyuma yake honi, pembeni bodaboda zinapenya. Kulia na kushoto magari madogo yamepangana, maboksi yamewekwa kwenye vioo kuzuia jua, wenyewe hawaonekani.

Mimi ni mpangamiji. Nikijitambulisha hivyo popote jijini Dar es Salaam, swali linalofuata huwa nalijua: "Nyie watu wa mipango, mbona Kariakoo hamkuweka paking?" Jibu langu fupi huwaudhi watu. Paking ipo. Tatizo ni nani anaikalia, na kwa saa ngapi. Jibu refu ndilo hili.

Soko kongwe, lile la mapaa ya zege yenye umbo la miavuli, lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Amuli aliwaza mzigo kwanza. Chini ya ardhi, kule watu wanakopaita shimoni, palitengwa kwa mauzo ya jumla na ghala, ili shughuli nzito ya kushusha isigombanie nafasi na mama aliyefuata fungu la mchicha. Wakati huo soko lilizungukwa na nyumba za Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, uani jiko na choo. Nyumba ya namna hiyo haileti foleni. Mwenye nyumba hana gari, wapangaji wake hawana gari, na duka la baraza la mbele linapokea mzigo wa mkokoteni mmoja kwa siku.

Kiwanja kile kile leo kina ghorofa nane, kumi. Chini maduka, juu maduka, juu zaidi stoo, na juu kabisa wageni kutoka Lubumbashi na Lusaka wamelala gesti wakisubiri mzigo wao ufungwe. Mtaa haukuongezeka hata hatua moja. Kwenye makaratasi tulilipatia hilo dawa: anayejenga ghorofa aweke maegesho ndani ya kiwanja chake. Ukiisoma kanuni ofisini unaona haina kasoro. Ishushe Kariakoo uone.

Gari haliwezi kushuka ngazi. Kulishusha mita tatu chini ya ardhi kwa mteremko ambao dereva wa kawaida ataumudu kunataka njia ya mita 20 au zaidi, ambayo kwenye viwanja vingi vya pale inakula karibu kiwanja chote kabla hujapaki hata gari moja. Bado halijageuka. Kila gari linahitaji nafasi ya mita 2.5 kwa 5, na ukijumlisha njia ya kupita na kugeuzia unafika mita za mraba 25 hadi 30. Kizimba cha mboga ni mita mbili kwa mbili. Yaani nafasi ya gari moja ni vizimba sita au saba vinavyolipa kodi kila mwezi. Mwenye jengo hahitaji kuambiwa na mtu achague kipi. Anachora maegesho, anapata kibali, na jengo likikamilika kule chini kunageuka stoo ya vitenge na mabegi. Nimeingia kwenye "maegesho" kadhaa ya aina hiyo. Mistari ya magari haijawahi kupakwa rangi.

Wala simlaumu sana. Tulimtaka afanye hasara, naye akakataa. Kinachonikera ni kwamba tulichimbisha mashimo kwenye udongo wa mchanga, baina ya majengo yaliyogusana kuta, kwa ajili ya magari ambayo hayakuingia humo. Jengo lilipoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo zima. Sitaki kuingia kwenye chanzo cha ajali ile. Nasema tu kwamba sharti linalomsukuma mtu kuchimba pale liwe na sababu nzito kuliko kujaza kisanduku kwenye fomu.

Turudi barabarani. Miaka ya nyuma nilifanya zoezi rahisi ambalo mwanafunzi yeyote wa mipango miji anaweza kulifanya: nilikaa kwenye benchi la muuza kahawa, na kila nusu saa nikapita mtaa mmoja nikiandika namba za magari yaliyopaki. Nilitegemea kukuta wanunuzi wakija na kuondoka. Kufika adhuhuri nilikuwa nanakili orodha ileile. Muuza kahawa alinionea huruma. "Kaka, unajisumbua. Hii nyeupe ya duka la pazia, hii ya yule wa vyombo, ile pale ya mdogo wake. Zinakuja saa 2, zinaondoka magharibi." Wenye maduka walikuwa wamepaki mbele ya milango yao wenyewe, na mteja wao na mzigo wao vikabaki kuzunguka mtaa.

Piga hesabu. Gari likikaa saa nane, limekula nafasi ambayo kirikuu 24 zingeitumia kwa zamu za dakika 20. Mnunuzi wa nyanya naye kwa kawaida hakuja na gari. Amekuja na daladala, au ameshuka kituo cha Msimbazi au Gerezani kutoka kwenye mabasi ya mwendokasi, tangu 2016 yapo. Kinachohitaji magurudumu mlangoni ni nyanya yenyewe, inayooza.

Ndiyo maana kila likija wazo la jengo kubwa la maegesho katikati ya Kariakoo, huwa napinga. Litavutia magari zaidi kwenye mitaa ileile, na halitapunguza hata dakika moja ya kushusha tenga. (Nimesikia pia wazo la kupaki bonde la Jangwani. Waliopendekeza waulize mafuriko ya masika yaliifanya nini karakana ya mwendokasi iliyojengwa pale.)

Sasa soko limepata mwanzo mpya. Lile kongwe liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, likakarabatiwa, na pembeni yake likajengwa jipya la ghorofa, kazi nzima ikigharimu zaidi ya shilingi bilioni 28. Vizimba vimeongezeka. Kila kizimba kilichoongezeka ni mzigo unaotafuta mlango wa kuingilia, na mitaa ya kuuleta ni ileile. Kidogo tuna unafuu: mazao ya jumla kwa sehemu kubwa yalishahamia Mabibo, Ilala, Tandale na Temeke Stereo, kwa hiyo Fuso la kabichi kutoka Lushoto halina haja ya kufika hapa. Linalofika ni dogo. Kirikuu, guta, bajaji ya mizigo. Hivyo vyombo havihitaji jengo, vinahitaji ukingo wa barabara ulio wazi kwa wakati wake.

Ningefanya hivi. Mitaa inayolizunguka soko, ukingo wote uwe wa kushushia tu tangu saa 10 alfajiri hadi saa 4 asubuhi, asiruhusiwe kupaki yeyote, awe mheshimiwa au mtoto wa mheshimiwa. Baada ya hapo nafasi ziuzwe kwa saa, na bei ipande kadiri gari linavyozidi kukaa. Saa ya kwanza iwe rahisi, ya nne iume. Profesa Donald Shoup wa Los Angeles alitumia maisha yake kueleza jambo hili: bei sahihi ni ile inayoacha nafasi moja au mbili wazi kila mtaa. Sisi bei yetu haipandi kadiri gari linavyokaa, halafu tunashangaa kwa nini mwenye duka haondoki. Kwake hiyo ni gharama ya biashara kama umeme. Na lile sharti la maegesho ndani ya kiwanja lifutwe kwa Kariakoo. Mwenye ghorofa adaiwe kitu kingine: sehemu ya kushushia mzigo ndani ya mstari wake, chini, usawa wa barabara.

Fedha zitakazokusanywa ukingoni ziende wapi? Seattle, Marekani, kuna soko la wakulima la Pike Place, lilianza 1907. Miaka ya 1960 wakubwa wa jiji walitaka libomolewe, pajengwe hoteli, maghorofa na maegesho makubwa. Wananchi walipiga kura mwaka 1971, wakalinusuru. Maegesho yalikuja kujengwa baadaye, mengine yakiwekwa chini ya vizimba vipya na nyumba za wazee wa kipato kidogo mwaka 2017, na chombo kinachoendesha soko ndicho kinachoendesha maegesho, mapato yanarudi sokoni humo humo. Kariakoo ina shirika lake la masoko tangu sheria ya 1974. Lingepewa mitaa yake na makusanyo yake, lingekuwa na sababu ya kuamka alfajiri kuilinda.

Kuna jambo moja ambalo bado linanisumbua. Mwishoni mwa 2021 machinga walipoondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu, kwa siku chache mitaa ilipumua. Kisha magari yalipanda pale walipokuwa wamekaa. Tulimwondoa mtu mwenye meza ya limau tukamwachia nafasi mtu mwenye gari, na sikumbuki kikao hata kimoja kilichokaa kulijadili.

Yule mwenye duka la pazia nilikuja kumfahamu. Mzee mmoja mcheshi, anakaa Kimara. Nilipomshawishi aache gari nyumbani na kupanda mwendokasi, alicheka hadi akavua miwani. "Mwanangu, jioni nabeba mauzo ya siku nzima. Unataka nisimame na mfuko wa hela kwenye mwendokasi, nimebanwa kwapani kwa watu?" Sikuwa na jibu. Siku hizi kwenye michoro yangu huwa naacha nafasi kadhaa za jioni, saa 11 hadi saa 1, bure kwa dakika 20, ili kijana wa nyumbani aje na gari, amchukue mzee na mfuko wake, waondoke. Mzee anasema dakika 20 hazimtoshi kufunga makufuli yake yote. Tunaendelea kubishana.