Je, wajua kwa nini mtu aliyehukumiwa anaweza kutumikia adhabu akilala nyumbani kwake?

Chukua mkulima wa Bahi au Chamwino aliyepatikana na hatia ya wizi mdogo mwezi Desemba, akafungwa miezi 6. Mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, hivyo atatoka Aprili. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Atarudi nyumbani mvua imekatika, na uwele wake haukupandwa. Miezi minne haitoshi kumfundisha ufundi wa maana gerezani, lakini inatosha kabisa kuwaacha watoto wake na njaa ya mwaka mzima.

Njia nyingine ipo. Watu huiita kifungo cha nje, na msingi wake ni Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Inagusa makosa ambayo adhabu yake haizidi miaka 3 jela, pamoja na yale yenye adhabu kubwa zaidi ambayo mahakama imeona miaka 3 au pungufu inatosha. Unyang'anyi wa kutumia silaha, wenye adhabu ya miaka 30, haumo. Badala ya kwenda gereza la Isanga, mtu hufanya kazi ya umma bila malipo, kwa muda usiozidi kifungo ambacho angepewa.

Jambo lote linategemea ripoti ya afisa uangalizi, yule ambaye wengi humwita afisa probesheni. Kabla ya kutoa amri, mahakama humwagiza achunguze: mshtakiwa anaishi wapi, na nani, anategemewa na nani, majirani na mwenyekiti wa mtaa au kijiji wanasemaje. Hapa ndipo wengi hukwama. Kijana aliyekuja mjini kutafuta vibarua, anayelala leo kwa rafiki huyu na kesho kwa yule, hana anuani ya kumhakikishia hakimu kwamba atapatikana. Ripoti ikichelewa kwa sababu afisa hana usafiri wa kufika kijijini, hakimu mwenye mlundikano wa mashauri huona jela ni rahisi zaidi. Kwa maoni yetu, pikipiki moja ya afisa huyo ina faida kuliko kitanda kipya gerezani.

Amri ikitoka, mahakama humweleza mhusika masharti kwa lugha anayoielewa, na lazima akubali. Kisha hupangiwa mahali: shule, zahanati, ofisi ya kata. Kazi ni kama kuzibua mitaro, kutengeneza barabara, kupanda na kutunza miti. Fundi anaweza kupewa kazi ya ufundi wake. Akipangiwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, jioni anawahi palizi shambani kwake.

Kupanga kazi nako kunataka akili. Kwa udongo mgumu wa Dodoma, shimo la mti la sentimita 60 kwa 60 linafaa kuchimbwa kabla ya mvua, na mche hauna budi kumwagiliwa kiangazi chote. Mtu wa miezi miwili akipanda miti Mei bila wa kumpokea, miti inakauka, na wanakijiji wanasema mhalifu ameachiwa tu. Msimamizi anayempeleka kulima shamba lake binafsi ni tatizo kubwa zaidi: amri ni ya kazi ya umma, na jambo hilo liripotiwe kwa afisa mara moja.

Mhusika akihama, amjulishe afisa kwanza. Akitoroka kazi, anarudishwa mahakamani: anaweza kuonywa, kubadilishiwa masharti, au amri ikafutwa akapewa adhabu nyingine, jela ikiwemo.

Ndugu wa mshtakiwa wajue wakati wa kuomba. Akishatiwa hatiani, hakimu humuuliza kama ana la kusema kabla ya adhabu. Hapo ndipo aombe huduma kwa jamii kwa kuitaja, na ndugu wawe na barua ya mwenyekiti inayoonyesha makazi yake.