Fomu 34A: namna ya kuisoma kabla ya kuisambaza

Agosti 2022 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya Kenya (IEBC) iliweka kwenye tovuti yake picha za fomu 34A, yaani karatasi za matokeo ya urais ya kila kituo, kutoka karibu vituo vyote 46,229 vya kupigia kura. Mwenye simu na bando aliweza kuingia kaunti yake, eneo bunge, wadi, kisha kituo, na kuiona karatasi yenyewe. Miaka mitano kabla yake mambo yalikwenda kinyume: tarakimu za urais zilimiminika kwenye skrini za Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlishia kura jijini Nairobi, huku fomu zake zikiwa hazijaonekana. Mgombea akatangazwa mshindi tarehe 11 Agosti 2017 kabla fomu zote 34A hazijafika, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi ule wa urais.

Kwa hiyo mwaka 2022 tume ilitoa karatasi, ikawaachia wengine wajijumlishie wenyewe wakati hesabu rasmi ikiendelea. Vyombo vya habari vilianza kujumlisha usiku ule ule na hesabu zao zikatofautiana: runinga moja ikionyesha mgombea huyu anaongoza, nyingine yule. Wengi waliona hila. Sababu ilikuwa ya kawaida zaidi. Kila chumba cha habari kilichukua fomu kwa mpangilio wake. Aliyeanza na kaunti za Bonde la Ufa, ngome ya mgombea mmoja, hawezi kulingana saa nne za usiku na aliyeanza na Nyanza, ngome ya mwingine. Jumla isiyokamilika haisemi nani anashinda mpaka ujue ni vituo gani vimeshahesabiwa.

Fomu 34A huzaliwa kituoni. Kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo huijaza kwa mkono, yeye na mawakala wa wagombea hutia saini, nakala moja hubandikwa mlangoni, kisha picha yake hupigwa na kutumwa kwa kifaa cha KIEMS, kile kile kilichotumika asubuhi kutambua alama za vidole. Karatasi asili husafirishwa hadi kituo cha kujumlishia kura cha eneo bunge, ambako fomu 34B (jumla ya eneo bunge) hutengenezwa, halafu zote huelekea kituo cha kitaifa kwa ajili ya 34C (jumla ya taifa). Mahakama ya Rufani iliamua Juni 2017, katika kesi iliyoletwa na mwanaharakati wa haki za binadamu Maina Kiai na wenzake, kwamba matokeo yaliyotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho. Hakuna afisa wa ngazi ya juu mwenye ruhusa ya kuyabadilisha. Ndiyo maana karatasi ya mlangoni ina uzito kuliko grafu yoyote ya runinga.

Ukitumiwa picha ya fomu kwenye kundi la WhatsApp, anza na namba ya kituo. Ina tarakimu 15: tatu za kwanza ni kaunti (001 ni Mombasa, 047 ni Nairobi), tatu za eneo bunge, nne za wadi, tatu za mahali pa kujiandikishia, na mbili za mwisho ni mkondo, yaani chumba kimoja cha kupigia kura ndani ya mahali hapo. Shule moja inaweza kuwa na mikondo mitano, na kila mkondo una fomu yake. Malalamiko mengi ya “fomu mbili tofauti za kituo kimoja” huwa ni fomu ya mkondo wa 1 na ya mkondo wa 3 zilizowekwa bega kwa bega. Jina la shule halitoshi. Linganisha tarakimu zote 15.

Halafu piga hesabu. Jumlisha kura za wagombea wote uone kama zinafika jumla ya kura halali iliyoandikwa. Ongeza kura zilizokataliwa. Jumla hiyo isipite idadi ya waliosajiliwa, ambayo katika uchaguzi wa 2022 haikuruhusiwa kuzidi 700 kwa mkondo. Jumla isipolingana kwa kura chache, mara nyingi ni uchovu: msimamizi ameamka alfajiri na anajumlisha usiku wa manane. Kura za mgombea mmoja kuandikwa kwenye mstari wa mwingine ni kosa zito zaidi, na hesabu ya jumla hailigundui. Hilo hugunduliwa na aliyekuwepo kura zikisomwa kwa sauti.

Asilimia nazo zina mtego wake. Baada ya matokeo ya 2022 kutangazwa, makamishna wanne wa IEBC waliojitenga nayo walisema asilimia za wagombea zinafika 100.01, na kwamba ile 0.01 ni sawa na kura takriban 142,000. Piga mwenyewe: 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23 kweli zinafika 100.01, kwa sababu kila moja ilikadiriwa hadi nafasi mbili za desimali. Lakini asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kura 1,420 hivi, na hata hizo hazikuwepo, maana hesabu ya kura zenyewe haikuongezeka. Kosa la mara mia lilizunguka mitandaoni, na kikokotoo kiko kwenye kila simu.

Ukipiga picha fomu ya mlangoni, hakikisha pembe zote nne za karatasi zinaonekana. Zima flashi, kwa kuwa mwanga wake hufuta tarakimu zilizoandikwa kwa kalamu hafifu. Mwenzako aimulike karatasi kwa tochi kutoka ubavuni. Piga ya pili inayoonyesha karatasi pamoja na mlango. Usiitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwani hubanwa na kupoteza taarifa za saa iliyopigwa. Itume kama faili, na ile ya asili usiifute.

Ukikuta tofauti kati ya fomu ya mlangoni na ya tovuti, andika namba ya kituo na mstari unaotofautiana, kisha umpe wakala wa chama au mwangalizi wa uchaguzi siku hiyo hiyo. Kesi ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 tangu mshindi kutangazwa, na Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuiamua. Picha inayopatikana baada ya mwezi haina pa kupelekwa.