Kulia mbele za Mungu si kukosa imani

Hapa Goma mtu akifiwa au akiporwa, neno la kwanza analoletewa na wapendwa wa kanisa ni hili: "Mama, usilie hivyo, utamkosea Mungu. Shukuru tu." Linasemwa kwa upendo, na linaharibu watu. Wengi wanaofika kwenye ushauri wakiwa wamejaa uchungu, wasioweza tena kuomba wala kusalimia jirani, ni wale walionyamazishwa tangu siku za kilio.

Biblia haifundishi hivyo. Karibu theluthi moja ya Zaburi zote 150 ni maombolezo. Zaburi ya 13 inauliza "Hata lini?" mara nne katika mistari miwili ya kwanza. Ya 88 inaishia gizani, bila shukrani yoyote. Na katika Ayubu 42:7, Mungu anawakasirikia wale rafiki wa Ayubu waliomtetea Yeye kwa maneno mazuri, kisha anasema aliyenena sawa ni Ayubu, huyo huyo aliyelalamika sura baada ya sura.

Najua jibu linalofuata: Hesabu 14, Waisraeli walinung'unika wakafia jangwani. Someni tena polepole. Waliwanung'unikia Musa na Haruni, wakaambiana wachague kiongozi wa kuwarudisha Misri. Mungu mwenyewe hawakumwendea. Uchungu hukua hapo, mtu anaporudia kisa chake kwa kila anayepita huku akimficha Mungu.

Basi fanya hivi. Chukua Zaburi ya 13, mistari sita tu, uisome kwa sauti ukiwa peke yako. Kwenye mistari ya 1 na 2 simama, utaje jambo lako kwa jina: nani, lini, kitu gani. "Walichukua mashine yangu ya kushona" ni sala. "Bwana, unajua yote" ni kukwepa. Kwenye 3 na 4 omba kitu kimoja kinachoeleweka, kodi ya mwezi huu au usingizi wa usiku huu. Mistari ya 5 na 6 ni ya tumaini, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaikimbilia kabla hawajasema la moyoni, wanaimba, wanatoka na mzigo ule ule. Kama leo huwezi kuisema kwa kweli, ishia mstari wa 4, urudi kesho.

Dhana nyingine: ukisamehe, mambo yarudi kama zamani. Hapana. Jirani aliyebeba mali yako katika uporaji wa Januari 2025 unaweza kumsamehe leo bila kumwachia ufunguo wa nyumba. Yosefu aliwajaribu ndugu zake kuanzia Mwanzo 42 hadi 44 kabla ya kujitambulisha. Paulo, katika 2 Timotheo 4, anawaombea waliomkimbia wasihesabiwe hatia, lakini kuhusu Iskanda mfua shaba anamwonya Timotheo ajihadhari naye.

Wengine husema uchungu unatolewa kwa kufunga siku tatu bila maji. Kwa mtu ambaye tayari anakula mara moja kwa siku na halali usiku, huo si ushauri mzuri hata kidogo. Elia alipoomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika alimpa mkate na maji, akalala, akapewa tena. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye. Ale kwanza, alale.

Inayonikasirisha kwa hatari yake ni hii: "Dada, samehe, usiseme." Anaambiwa hivyo aliyebakwa, na saa zinapita. Dawa za kuzuia VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Za kuzuia mimba, ndani ya siku tano. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, mtu mmoja anayemwamini akae naye, na habari za msamaha msizianzishe ninyi. Atazileta mwenyewe wakati wake ukifika.