Duara la Fasihi la Sibiu: maana yake, na nafasi ya mshairi Ștefan Augustin Doinaș ndani yake

Duara la Fasihi la Sibiu ni jina la kundi la waandishi vijana, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu, waliokutana katika mji wa Sibiu nchini Romania wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wakakubaliana kwamba shairi lipimwe kwa ushairi wake, wala si kwa huduma linayoitoa kwa taifa au kwa serikali. Kwa Kiromania neno walilojiitia ni cerc, yaani duara. Halikuwa na maana ya chama, kwa sababu hapakuwa na kadi wala ada, na halikuwa shule yenye bwana mmoja anayefuatwa na wote. Msomaji wa pwani ataelewa haraka akifikiria baraza: watu wale wale wanaorudi mahali pale pale, kila mmoja na kauli yake, na mazungumzo yakawa ndiyo mali yao ya pamoja. Tofauti ni kwamba baraza hili lilivunjwa mapema mno, na washiriki wake wakaishi miaka iliyobaki wakiyaendeleza mazungumzo yale kwa barua, kwa vitabu vilivyochelewa, na kwa tafsiri.

Kundi hilo lilizaliwa Sibiu kwa sababu ya kisiasa. Tarehe 30 Agosti 1940, kwa uamuzi uliotolewa Vienna na Ujerumani na Italia, Romania ililazimishwa kuiachia Hungaria sehemu ya kaskazini ya jimbo la Transilvania, pamoja na mji wa Cluj. Chuo Kikuu cha Cluj kikahama: kitivo cha sayansi kilikwenda Timișoara, na vitivo vingine vikahamia Sibiu. Mji huo, ambao Wajerumani wa Transilvania waliuita Hermannstadt, ulikuwa umejengwa na Wajerumani hao, waitwao Wasaksoni, karne nyingi kabla, na lugha ya Kijerumani ilikuwa bado inasikika madukani na makanisani. Vijana wa Kiromania waliofukuzwa na ramani mpya walijikuta wakimsoma Goethe, mshairi mkuu wa Kijerumani, katika mji ambao Kijerumani kilikuwa lugha ya jirani. Jambo hili mara nyingi hutajwa kwa kupitia tu, lakini kwa maoni yangu mengi yaliyofuata hayaeleweki bila hilo.

Miongoni mwa wahamiaji hao alikuwamo Ștefan Popa, aliyezaliwa tarehe 26 Aprili 1922 katika kijiji kimoja cha mkoa wa Arad, magharibi mwa nchi, na ambaye fasihi inamjua kwa jina la Ștefan Augustin Doinaș. Alianza kusomea udaktari, kisha akauacha na kuhamia kitivo cha fasihi na falsafa, ambako mshairi na mwanafalsafa Lucian Blaga alikuwa akifundisha falsafa ya utamaduni. Hapo alikutana na Ion Negoițescu, mhakiki aliyekuwa kama moyo wa kundi. Radu Stanca, mshairi na mtu wa tamthilia. Ion Dezideriu Sîrbu, aliyetoka katika mji wa wachimba makaa ya mawe. Na wengine kama Cornel Regman, Nicolae Balotă, Ovidiu Cotruș na Ioanichie Olteanu.

Tarehe 13 Mei 1943 gazeti la Viața la Bucharest lilichapisha barua ndefu ya kundi hilo kwa mhakiki Eugen Lovinescu. Aliyeiandika ni Negoițescu, kwa jina la kubuni la Damian Silvestru, na barua hiyo ndiyo huchukuliwa kuwa tamko rasmi la Duara. Ili kuona uzito wake, lazima tukumbuke hali ya wakati ule. Romania ilikuwa vitani upande wa Ujerumani chini ya utawala wa Marshali Antonescu, na kila mtu alitazamia kwamba mwandishi wa Transilvania, ambaye karibu nusu ya jimbo lake ilikuwa imechukuliwa, angeandika mashairi ya uchungu wa ardhi, ya kijiji na ya damu. Lovinescu, kwa upande wake, alikuwa ametumia maisha yake kufundisha kwamba thamani ya sanaa inajitegemea na kwamba fasihi ya Romania ilipaswa kutembea sambamba na ya Ulaya. Kwa mafundisho hayo wazalendo wakali walimchukia. Vijana wa Sibiu walimwandikia yeye. Walisema kwamba wanaipenda Transilvania, lakini hawakubali shairi baya lisamehewe eti kwa sababu linaitaja Transilvania. Mtindo waliokuwa wakiupinga waliuita pășunism, neno walilolitoa katika neno la Kiromania lenye maana ya malisho ya mifugo, wakikusudia ile tabia ya kudhani kwamba mandhari ya shamba na mchungaji inatosha kuwa fasihi. Lovinescu aliwajibu kwa furaha ya mzee aliyepata warithi, na miezi miwili baadaye, Julai 1943, akafariki.

Jarida la kundi, Revista Cercului Literar, lilitoka Sibiu kuanzia Januari hadi Agosti 1945 tu. Katika kurasa zake Radu Stanca alitetea kurudishwa kwa baladi, yaani shairi fupi la kusimulia ambalo ndani yake hisia hazitamkwi na mshairi moja kwa moja, bali zinabebwa na kisa, wahusika na majibizano. Kwa Kiswahili tungelisogeza karibu na utendi, ila baladi ni fupi na huishia pale kisa kinapokatika. Wanaduara waliipenda kwa sababu iliwapa njia ya kutoka katika ushairi wa nafsi inayojililia, bila kurudi kwenye ushairi wa mahubiri.

Baladi iliyodumu kuliko zote ni ya Doinaș, aliyoiandika mwaka 1945 na kuiita Mistrețul cu colți de argint, yaani nguruwe mwitu mwenye meno ya fedha. Mwana wa mfalme kutoka nchi za mashariki anaingia katika msitu mweusi na watumishi wake akimsaka mnyama huyo. Kila anapomwona na kuwaonyesha, mtumishi humjibu kwa adabu kwamba ni maji yanayocheza chini ya miti, au ni majani yanayochakacha, au ni mwezi unaong'aa kati ya matawi. Mwishowe mnyama anatokea kweli na kumrarua. Hapo mambo yanapinduka, na ndipo ninapoona ukubwa wa shairi hili: sasa watumishi ndio wanaomwona nguruwe wa meno ya fedha, ilhali mwana wa mfalme, akivuja damu, anauliza ni hayawani gani huyo wa ajabu aliyekuja kumkatizia mawindo yake. Anataka baragumu lipulizwe hadi afe. Linapulizwa, lakini kwa muda mfupi tu. Wapo wanaolisoma kama fumbo la msanii na ukamilifu anaoufukuza. Mimi naona kwamba linasema pia juu ya wenzake wa Sibiu, ambao walikuwa na ndoto ileile na umri uleule wa miaka ishirini na kitu.

Hapa inaingia dhana ya pili, ambayo bila hiyo maana ya Duara haikamiliki: euforionizimu. Katika sehemu ya pili ya Faust, tamthilia ya kishairi ya Goethe, Faust, mtu wa kaskazini na wa zama za kati, anaungana na Helena, mrembo wa hadithi za Wagiriki, na mtoto wao anaitwa Euphorion. Mtoto huyo ni mshairi asiyetulia. Anaruka juu zaidi na zaidi, anataka kupaa, anaanguka na kufa miguuni mwa wazazi wake. Mama yake anamfuata kuzimu, akimwachia Faust vazi mikononi. Baada ya jarida kufungwa, Negoițescu aliota kuanzisha jingine litakaloitwa Euphorion, na katika barua zake kwa rafiki zake alieleza kwamba fasihi ya Romania ingetafuta muungano wa namna hiyo, baina ya kiu isiyo na mpaka ya Faust na umbo lenye kipimo la Kigiriki. Jarida hilo halikutoka.

Mwaka 1945 chuo kikuu kilirudi Cluj na kundi likatawanyika. Doinaș alipewa tuzo ya jina la Lovinescu mwaka 1947 kwa muswada wa mashairi, lakini muswada wenyewe haukuchapishwa wakati huo, kwa kuwa utawala wa kikomunisti ulikuwa umeshika nchi na uhalisia wa kijamaa, yaani sanaa ya kuitumikia siasa ya utawala, ukawa sharti. Kuanzia 1948 alifundisha katika shule za mkoa wake wa Arad, hadi alipohamia Bucharest mwaka 1955. Februari 1957 alikamatwa na kuhukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa kosa la kutomripoti mtu aliyezungumza naye juu ya mapinduzi ya Hungaria ya 1956. Sîrbu, Balotă, Cotruș na Negoițescu nao walipitia gerezani, baadhi yao kwa miaka mingi. Kitabu cha kwanza cha Doinaș, Cartea mareelor, yaani Kitabu cha maji kujaa na kupwa, kilitoka mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 42. Inapasa kusemwa pia kwamba baada ya kifo chake cha mwaka 2002 zilitangazwa nyaraka za polisi ya siri zilizomtaja kuwa mtoa taarifa, na heshima ya mshairi huyu tangu hapo inazungumzwa pamoja na jambo hilo.

Kazi yake ya kutafsiri haikuwa ya pembeni. Alileta katika Kiromania mashairi ya Hölderlin, Mallarmé na Valéry, na kitabu cha mwanafalsafa Nietzsche juu ya Zarathustra. Lakini kazi iliyo karibu zaidi na Duara ni Faust, aliyoitoa mwaka 1982. Alikuwa ametanguliwa na mwalimu wake. Blaga, baada ya kuondolewa chuo kikuu mwaka 1948 na kuzuiwa kuchapisha mashairi yake mwenyewe, alitoa tafsiri yake ya Faust mwaka 1955, kwa kuwa kutafsiri ndio mlango pekee aliokuwa ameachiwa. Mwanafunzi akarudia kazi ileile ya mwalimu, zaidi ya robo karne baadaye, akiwa mshairi mwenye jina. Kutafsiri Faust yote ni kupita katika mizani nyingi zisizofanana, kuanzia vina vya wimbo wa mtaani hadi mistari mirefu isiyo na vina ambayo Helena anaingia nayo akizungumza kama mhusika wa tanzia ya Kigiriki, kisha anajifunza vina kutoka kwa Faust kama mtu anayejifunza kupenda. Mtu aliyeyajadili haya na marafiki wa Sibiu akiwa kijana alilazimika sasa kuyatatua neno kwa neno, hadi kufika mahali pale Euphorion anaporuka.

Jarida lenye jina la Euphorion lilitokea hatimaye mjini Sibiu mwaka 1990, baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka. Doinaș alikuwa hai, na Negoițescu, aliyehamia Ujerumani, alikuwa amebakiwa na miaka mitatu ya kuishi. Radu Stanca alikuwa amekufa tangu 1962.