Je, wajua kwa nini Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wajenge nyumba?

Yeremia 29:11 ni mstari unaopendwa mno. Utaukuta kwenye kioo cha nyuma cha teksi za Kampala, kwenye kadi za harusi na kwenye status za WhatsApp: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mhubiri akiusoma, kanisa zima huitikia amina. Mstari wa 10, ulio juu yake tu, hausomwi sana. Huo unasema tumaini lenyewe litatimia baada ya miaka 70.

Mistari hii ni sehemu ya barua ya Yeremia kwa mateka wa Babeli. Ukiisikia ukiwa mateka huko na umri wa miaka 30, umeshajua kwamba wewe hurudi kwenu. Labda wajukuu.

Mwaka 597 KK Nebukadneza, mfalme wa Babeli, alimchukua mfalme Yekonia kutoka Yerusalemu, pamoja na mafundi na wafua vyuma, akawapeleka Babeli. Yeremia alibaki nyumbani, ndipo akawatumia mateka barua kwa mkono wa Elasa na Gemaria, wajumbe wa Sedekia, mfalme aliyefuata baada ya Yekonia. Agizo la kwanza ndani yake ni hili: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Kisha waoe, waoze watoto wao, na wauombee amani mji uliowateka. Kwa mtu aliyeng'olewa kwake, kuambiwa ajenge kwa adui ni maneno machungu. Kwa nini basi unabii wa tumaini uanze hivyo?

Jibu liko sura moja nyuma. Katika mwaka wa nne wa Sedekia, nabii Hanania alisimama hekaluni na kutangaza kwamba nira ya Babeli imevunjwa: ndani ya miaka miwili, vyombo vya hekalu na mateka wote watakuwa wamerudi. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara. Hanania akaivua na kuivunja mbele za watu. Yeremia hakugombana naye hapo hapo. Alisema amina, Bwana na afanye hivyo, kisha akaongeza kuwa nabii atabiriye amani hujulikana neno lake litakapotimia. Hanania alikufa mwaka ule ule, na miaka miwili ikapita bila mtu kurudi.

Hanania hakuwa adui wa watu wake. Aliwaambia walichotamani. Shida ya ahadi fupi ni kwamba inamkalisha mtu juu ya mizigo yake, na hili linaonekana wazi ukifika Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Makazi hayo ya wakimbizi yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo Kiswahili cha Kongo na Burundi kinasikika sokoni na makanisani kama vile uko Bukavu. Uganda ndiyo inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote Afrika, zaidi ya milioni moja na nusu, na kwa desturi familia hupewa kipande cha ardhi kujenga na kulima.

Angalia kilichopandwa kwenye kipande hicho. Lengalenga, yaani mchicha, unaanza kuchuma baada ya wiki chache. Maharagwe yanataka kama miezi mitatu. Muhogo unaweza kukusubirisha mwaka, na mwembe au mparachichi ni miaka. Anayeamini kwamba jina lake litatoka mwezi ujao kwenye orodha ya kwenda Amerika au Kanada hapandi muhogo, sembuse mwembe. Nabii akija na kusema "mwaka huu unapanda ndege", shangwe ni kubwa na sadaka inatoka, lakini msimu unapita shamba likiwa tupu. Na mgao wa chakula siku hizi umepunguzwa mara kadhaa, kwa hiyo shamba tupu ni njaa kweli, si mfano wa mahubiri.

Wauganda wanajua ahadi ya tarehe inaweza kufika wapi. Huko Kanungu, viongozi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu walitangaza kwamba dunia ingekwisha mwaka 1999 ukiisha. Waumini waliuza mashamba na mali, wakakabidhi fedha. Mwaka 2000 ukaingia kama kawaida, watu wakaanza kudai vyao. Tarehe 17 Machi mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada, na baadaye maiti zaidi zikafukuliwa kwenye viwanja vya kundi hilo.

Linganisha na alichofanya Yeremia mwenyewe. Sura ya 32: jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, nabii yuko kifungoni, na binamu yake Hanameli anakuja kumwuzia shamba la Anathothi, mji ulio nje ya kuta. Hakuna mwenye akili ambaye angenunua. Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, akaandika hati mbele ya mashahidi, akaitia muhuri, akaagiza iwekwe ndani ya chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Kanungu waliuza mashamba kwa sababu ya unabii. Huyu alinunua kwa sababu hiyo hiyo ya unabii.

Kuna anayeuliza: je, huku si kuwafundisha watu wazoee dhuluma? Shemaya, mmoja wa mateka, aliliona hivyo hivyo. Aliandika Yerusalemu akidai Yeremia atiwe mkatale, yaani afungwe kwenye pingu za mti. Lakini barua haikufuta kurudi. Mstari wa 14 unaahidi kukusanywa kutoka mataifa yote. Ilichokataa ni kuacha kuishi wakati wa kungoja. Mimi naona huo ndio ugumu wake: kuomba turudi, na wakati huo huo kuezeka paa imara.

Babeli ilianguka mikononi mwa Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 539 KK. Hesabu ya miaka 70 wasomi huipiga kwa namna tofauti: wapo wanaoanzia 605 hadi kuanguka kwa Babeli, na wapo wanaoanzia kubomolewa kwa hekalu mwaka 586 hadi lilipokamilika tena mwaka 516. Danieli 9 inamwonyesha Danieli akiisoma hesabu hiyo hiyo akiwa ugenini, na alichofanya baada ya kuisoma ni kufunga na kuomba. Ezra 2:64 inataja waliorudi kuwa 42,360, mbali na watumishi wao. Wengi wa hao hawakuwahi kuiona Yerusalemu kabla ya hapo. Walizaliwa Babeli, kwa wazazi waliojenga huko.